Rais wa Sofa na Dereva wa Dallas

Ukishuka pale Kawangware 56 uulize Ikulu iko wapi, usishangae wakikuelekeza Gatina, nyuma ya duka la mabati, mahali ambapo fremu za sofa zimepangwa kando ya barabara zikiwa uchi, mbavu nje, zikingoja sponji. Hiyo ndiyo Ikulu. Na yule mzee wa kofia ya sufu, anayeongea siku nzima na misumari midomoni bila kumeza hata mmoja, ndiye Rais. Jina lake la ubatizo ni Kennedy, la ukoo ni Wakoli, la mtaani ni Prezi. Ole wako umwite fundi tu mbele ya watu.

Hilo jina la Kennedy hakulichagua, wala baba yake hakulichagua. Alizaliwa upande wa Kimilili, Novemba ile ya mwaka wa sitini na tatu, na alipotoka tumboni alilia. Si kulia kwa mtoto, jamani, ni kulia kwa mtu mwenye kesi. Akalia mchana, akalia jioni, akakataa ziwa. Sasa kwa Wabukusu, mtoto akilia hivyo, wazee hujua kuna mfu anatafuta jina. Nyanya yake akampakata, akaanza kuwaita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, huku akimtazama usoni. Wewe ni Simiyu? Kilio. Wewe ni Khaemba? Kilio kikapanda. Akawamaliza wafu wa upande wa baba, akahamia upande wa mama, wapi! Hapo akaingia mjomba, mwenye redio ya pekee katika kilima kile, akihema na habari: rais wa Amerika ameuawa, kapigwa risasi huko Dallas kwenye gari lililo wazi, mke wake kando yake.

"Rais gani?" nyanya akauliza.

"Kennedy."

Mtoto kimya! Akashika ziwa, akanyonya kama aliyekuwa amenyimwa tangu Adamu. Nyanya akasema basi, imekwisha. Kama huyu mtu amesafiri kutoka mbali hivyo, sisi ni nani tumfungie mlango?

Lakini kubeba jina la mfu kuna masharti. Unatakiwa umjue mwenye jina: aliishi vipi, alikufa vipi, nani alimuuguza. Wenzake Wakoli waliambiwa habari za majina yao wakiota moto. Yeye akiuliza wazee, wanakohoa. Nani angemweleza? Basi akakua na kiu hiyo. Alipokuja Nairobi kijana, akakaa kwa mjomba wake Kibera na kujifunza kazi ya sofa kwa fundi mmoja wa Makina, alikuwa akinunua viazi vya kukaanga si kwa njaa bali kwa yale magazeti ya zamani vilimofungiwa. Akiona picha ya Kennedy kwenye karatasi yenye mafuta, anaipangusa, anaisoma. Akajua habari za ghorofa ya sita ya ghala la vitabu, ambako bunduki ilipatikana. Akajua kilima cha nyasi, ambako wengine huapa kulikuwa na bunduki ya pili. Akajua yule mwanamume aliyefungua mwavuli siku ya jua kali.

Akaoa Jentrix, binti wa Webuye mwenye sauti ya kwaya na mikono isiyojua kutulia. Wakahamia Kawangware, wakapanga kwenye ploti ya mzee Kiragu, yeye na sofa zake mbele, mama, ambaye mtaa ulimwita Mama Austin kwa jina la mwanawe, na kibanda chake cha chai ubavuni. Hapo ndipo Ikulu ilipozaliwa. Wateja wakija kuangalia sofa wanakaa kuzijaribu, wakikaa wanaletewa chai na viazi vitamu, wakinywa chai wanaanza maneno, na maneno yakianza Wakoli anayapeleka Amerika. Kauli ya Ikulu ilikuwa moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Na Wakoli alikuwa na mtu wake. Hakuwa yule kijana wa bunduki, aliyekamatwa akauawa naye mikononi mwa polisi kabla hajasimama mahakamani, kifo ambacho ndicho kiliwaambukiza watu wa dunia nzima ugonjwa huu wa kutoamini. Hakuwa jasusi, hakuwa Mrusi, hakuwa jambazi wa kamari. Mtu wake Wakoli alikuwa dereva.

"Dereva!" alikuwa akisema, nyundo juu. "Risasi ya kwanza imelia. Wewe umeshika usukani, rais yuko nyuma yako. Utafanya nini? Si utakanyaga mafuta? Yeye akapunguza mwendo, akageuka kutazama nyuma. Kutazama nini? Nani alikuwa karibu? Nani alifaidika? Nani alisafisha gari? Mimi simlaumu mtu. Nauliza tu."

Vijana wakishangilia, hasa Derrick, yule wa bodaboda, aliyekuwa na simu yenye data na akili nyepesi kuwaka. Lakini mzee Kiragu, mwenye ploti, alikuwa akicheka mpaka kofia inahama.

"Wakoli, wewe ulishapigiwa risasi nyuma ya kichwa ukiendesha?" angeuliza. "Mtu akishtuka husimama kwanza. Hata mimi, mke wangu Rahab akipiga kelele jikoni, nasimama kabla ya kukimbia. Na huyo wa mwavuli muache. Mimi hubeba mwavuli hata Januari."

"Kwa hivyo nani alimuua?"

"Mtu mmoja mjinga na bunduki. Dunia haihitaji kamati ndiyo iharibike."

Walibishana hivyo miaka na miaka, mwenye ploti na mpangaji, na ukiwasikia kwa mbali ungedhani watashikana mashati. Kumbe ndio urafiki wenyewe. Kiragu alikuwa ameagiza kiti cha mtu mmoja, kipimo cha mgongo wake mwenyewe, na kiti hicho kilishindwa kuisha kwa sababu moja tu: mwenyewe hakubanduka hapo. Kila Wakoli akitaka kukivika kitambaa, anamkuta Kiragu amekikalia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi, mvua imetoka kunyesha. Kiragu alikuja akikanyaga tope polepole, akaketi kitini mwake, akapokea chai ya Jentrix. Akasema viazi vya leo vimeiva vizuri. Wakoli akamwanzishia hadithi ya dereva, naye akacheka. Akaweka kikombe juu ya mbao, akainamisha kichwa. Wakoli alidhani mwenzake anatafuta neno la kumjibu. Akamngoja. Akaendelea kumngoja, nyundo mkononi, mpaka Derrick aliposhuka kwenye pikipiki na kusema, "Prezi, huyu mzee haamki."

Walimkimbiza hospitali kwa gari la duka la mabati, lakini safari ilikuwa imeshaisha. Nyuma yao Jentrix alibaki peke yake. Mikono yake ikafanya ile kazi inayoijua: ikaokota vikombe vyote, ikavisuuza, ikaviinamisha juu ya beseni. Mama gani hapa duniani huacha vyombo vichafu watu wakija kwa msiba? Lakini ngoja usikie binadamu.

Kesho yake Wakoli alikuwa nyuma ya marobota ya sponji, hana hata nguvu ya kushika mkasi, akasikia vijana wamekaa kwenye fremu upande wa pili. Derrick ndiye aliyekuwa akihutubia.

"Wasee, tumieni akili. Nani alimpea chai? Mama Austin. Nani alikuwa karibu? Mama Austin. Kikombe kilioshwa kwa nini, na mtu hajapoa hata? Na si mnajua buda Kiragu alitaka kubomoa hizi mabati ajenge ghorofa? Hicho kibanda kilikuwa kinaenda. Si juzi huyo mathe wa chai alimwambia hapa hapa, 'Hiyo ghorofa yako itakuua'? Mimi simlaumu mtu. Nauliza tu."

Lo! Wakoli alisimama kama mtu aliyeitwa jina na mzimu. Maswali yale yalikuwa yake. Aliyachonga mwenyewe, akayapiga msasa miaka yote hiyo, akawafundisha watoto wa watu kuyarusha. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu. Akajitokeza.

"Derrick! Huyo unayemsema ni mke wangu!"

Derrick akashtuka kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Pole, Prezi. Lakini si wewe ulituambia? Aliye karibu ndiye wa kwanza kuulizwa."

Wakoli akarudi nyuma ya marobota yake ya sponji.

Neno likapata miguu. Lilipita Gatina, likashuka mpaka stendi ya 46, likarudi limenona. Asubuhi iliyofuata kibanda cha Jentrix kilikuwa kimeandikwa kwa makaa: SUMU. Birika likachemka na kupoa, hakuna mnunuzi. Naye mama wa watu akajifunga leso, akaenda nyumbani kwa Kiragu kusaidia kama jirani, kwa maana msiba ni vyakula na kuni na maji. Wanawake walikuwa wamezunguka karai kubwa la viazi. Alipokaa na kushika kisu, mmoja akakitoa mkononi mwake, kwa upole kabisa, huo upole unaouma kuliko kofi. "Wewe pumzika tu, Mama Austin." Akahamia kwenye mboga. "Pumzika, mama." Akaomba angalau akoroge chai. Wakamwambia sukari bado haijaletwa, na sukari iko pale, mfuko wazi.

Alirudi akaingia ndani, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Unaenda wapi?" Wakoli akauliza.

"Webuye. Nimekaa hapa miaka thelathini, nimewapikia watoto wao, nimewazalisha wengine hapo kwa mlango. Leo siwezi kushika kiazi. Nitasubiri mzee azikwe, kisha naenda. Wewe baki na Amerika yako."

"Jentrix..."

"Nilikuwa nawaletea chai, Kennedy. Kila siku nawasikia mnamchoma huyo dereva, nikidhani ni mchezo wa wazee. Haukuwa mchezo. Mlikuwa mnanoa kisu."

Hilo lilimkata. Akaenda kuketi kwenye fremu, akawaza namna ya kumwokoa mkewe. Na hapo, kwa haraka na kwa mapenzi, akafanya kosa ambalo Mbukusu peke yake angeweza kulifanya.

Kwao, mtu akifa, haifichwi. Aliyemuuguza husimama mbele ya umati, anaeleza yote waziwazi: alianza kuumwa hapa, tukampeleka kule, daktari akasema hivi, usiku wa mwisho aliomba maji. Watu wakishasikia, mioyo hupoa, na hakuna atakayemnyooshea mwenzake kidole. Ndiyo heshima ya mwisho kwa marehemu na ndiyo kinga ya walio hai. Wakoli akasema moyoni, dawa si hiyo? Jioni hiyo, kwenye mkutano wa mazishi nyumbani kwa Kiragu, jua bado liko juu ya mapaa, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Wakoli akasimama, kofia mkononi.

"Naomba aliyekuwa akimuuguza mzee atueleze alikufa vipi."

Ngai! Vichwa vyote viligeuka. Wenyeji pale ni Wakikuyu wa miaka yote, na kwao neno kama hilo halitupwi hadharani, tena kwa mjane aliye chini ya blanketi. Kwao lilisikika kitu kimoja tu: unamshtaki Rahab. Antony, kitinda mimba wa Kiragu, akainuka macho mekundu. "Mzee Wakoli, baba yangu alifia kwako! Halafu unakuja kuuliza mama yangu?"

Wakamkalisha Wakoli. Hapana, wakamtoa. Akiwa langoni akamsikia mtu akinong'ona, "Unaona? Anatafuta mwingine wa kubebeshwa." Alikuwa ametaka kuzima moto, akaumwagia petroli. Jentrix alipopata habari hakupiga kelele hata. Alicheka kicheko kikavu, akaendelea kukunja nguo.

Sasa, kuna mtu mmoja ambaye neno lile lilimwingia tofauti. Rahab mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na usiku ule hakulala. Kulipokucha akaketi mlangoni pake, akaanza kuangalia watu wake, na msiba humpa mtu macho. Akamwona Jentrix amekuja tena, maana jirani ni jirani, ameketi kwenye benchi peke yake, mikono imelala juu ya mapaja. Ile mikono! Hajawahi kuiona imelala. Akamwita mmoja wa wapishi, akamuuliza kwa nini, na alipoambiwa habari za sumu, akauliza tena, kwa sababu mara ya kwanza alidhani hajasikia vizuri.

Jioni ile watu walijaa kuliko jana. Derrick alikuwepo, na Ikulu nzima. Wakoli alisimama nje ya lango, hakuthubutu kuingia. Kabla mchungaji hajaanza sala, Rahab akatoa blanketi mabegani.

"Mama Austin," akaita, sauti imefika hadi barabarani. "Nina kiu. Nipikie chai. Wewe."

Jentrix akatazama huku na huku kama anayeitiwa kosa. Hakuna aliyejongea. Akainuka, akaosha sufuria, akawasha moto, akapima majani kwa kiganja kama afanyavyo siku zote. Watu wote wale walikaa wakiangalia maziwa yakipanda, utadhani hawajawahi kuona chai. Akamimina, akapeleka kikombe kwa mikono miwili. Rahab akanywa. Hakuonja, alikunywa, taratibu, mpaka chini, akakigeuza kikombe ili wote waone.

"Ongeza," akasema.

Kisha akasimama. "Jana mzee Wakoli aliuliza swali, mkamfukuza. Hata mimi niliumia. Lakini nimefikiri, nikaona huyo mzee peke yake ndiye ameuliza kitu chenye jibu. Mwiteni aingie." Akangoja mpaka Wakoli akaingia. "Baba Antony alikuwa na moyo mgonjwa. Miaka minne. Dawa alikuwa anaficha ndani ya kofia, ndiyo maana hamkuwahi kumwona akiivua. Daktari alimwambia asipande mlima, asikasirike, na asibishane. Nikamwomba awaambie watu. Akakataa. Mnajua alisema nini? Alisema, 'Wakoli akijua naumwa, ataanza kuniacha nishinde.'"

Kulikuwa na watu waliocheka pale, wakati huo huo wakilia. Wakoli alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakamcheza, na hakuna aliyejua ni kipi kati ya viwili. Antony akaenda akamshika mkono, akampa kiti. Na wanawake, bila kuagizwa, wakasukuma karai la viazi mpaka mbele ya Jentrix.

"Si umenye hivi, ni vingi," mmoja akasema, akimpa kisu. "Au utatuachia peke yetu?"

Kiragu akazikwa vizuri. Sanduku likarudi juu ya kabati, ingawa Jentrix alilichelewesha siku kadhaa sakafuni ili mtu fulani ajifunze. Maandishi ya makaa yalifutwa, na aliyeyafuta, kwa ndoo na sabuni, mbele ya soko zima, ni Derrick. Hakutumwa na mtu. Ghorofa? Antony alisema itajengwa siku moja, na chini yake patakuwa na chumba cha sofa na chumba cha chai, au haitajengwa. Tutaona. Lakini amesema, na aliyasema mbele ya mama yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ambayo kwao Bungoma wazee huketi kuwaliwaza walio hai, Wakoli aliita kikao cha Ikulu. Kiti cha Kiragu kilikuwa katikati, kimeisha hatimaye, kimevikwa kitambaa cha kijani, tayari kupelekwa kwa Rahab. Wakoli alitoa misumari midomoni. Hapo watu wakajua leo kuna jambo.

"Nimebeba jina la Kennedy miaka sitini na ushee," akasema. "Nanyi mnanijua, najua njia mia alizouawa. Lakini mtu akiniuliza alipenda chakula gani, sijui. Nilishika kifo chake, nikaacha maisha yake. Leo nitasema machache. Alikuwa na mke. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Aliumwa mgongo, na alikaa kwenye kiti cha kuyumbayumba kwa sababu hicho ndicho kilimpa nafuu. Kiti, jamani! Na mimi ni fundi wa viti." Akapapasa mkono wa kile kiti. "Na alikuwa na dereva. Risasi zililia nyuma yake, akashtuka, akapunguza mwendo, kama mtu yeyote. Nimesoma kwamba baadaye alimlilia mjane, akiomba msamaha. Nililisoma hilo zamani, nikaliruka, kwa sababu lilikuwa linaharibu hadithi yangu. Basi leo, mbele ya kiti hiki, namtoa dereva. Kosa lake lilikuwa kuwa karibu. Kiragu, hiyo umeshinda. Na sikukuachia, umeshinda mwenyewe."

 Hata wale wa duka la mabati waliacha kukata.

"Sasa Prezi," Derrick akauliza taratibu, "kama si dereva, nani alimuua?"

Wakoli akatazama kiti cha kijani. "Sijui."

Haijawahi kusikika Ikulu, hiyo. Vijana wakatazamana. Jentrix alikuwa amesimama pale na birika, akisikiliza, na Derrick akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Mathe, naomba chai."

"Na ukikufa je?" Jentrix akamuuliza, jicho kavu.

"Nikikufa, Prezi atawaambia hajui."

Jentrix akajizuia, akashindwa, akacheka ile sauti yake ya kwaya mpaka wapita njia wakageuka. Akammiminia kikombe mpaka pomoni, akamsimamia hapo hapo mpaka akamaliza.